Sauti ya Mpiga Mbiu wa Alcorillo

Alcorillo, 18 Juni 1974

Dada yangu mpendwa Visitación,

Pokea salamu zangu na za Mama, pamoja na za majirani wote ambao kila wakiniona na bahasha mkononi hunisimamisha wakataka niwaingize na wao. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, kifua kimepoa, na mikono yako haipasuki tena kwa sabuni ya kule kufulia hotelini. Sisi hapa tu wazima. Mama anakula, ingawa si sana, na goti limempa nafuu tangu baridi ilipoondoka. Mimi niko palepale ofisini kwa Meya, karani wake, na naogopa kila ninapoitwa ghafla, kama nilivyoogopa tangu shuleni. Hilo halina dawa, nimeshalizoea.

Barua yako niliipata na nimechelewa kuijibu. Naomba radhi. Uliniuliza mambo mawili. La kwanza, watu wa Alcorillo wamesemaje kuhusu filamu iliyopigwa hapa kwetu. La pili, kama sauti ya Baba inasikika vizuri ndani yake, maana theluji ilikuzuia kuja kumzika, na sasa unataka ukifika Agosti Padre Amancio aombe filamu irudishwe ukumbini hata kwa jioni moja, ukae mbele kabisa, umsikie. Nitaanza na la kwanza kwa sababu ni jepesi. La pili nitalifikia. Naomba usiruke kurasa, nakujua.

Ilionyeshwa Jumapili, katika ukumbi wa parokia. Kampuni ya Madrid ilitaka sisi tuione kwanza kabla ya miji mikubwa, na ilitaka maoni ya watazamaji yakusanywe ili yatolewe gazetini. Don Rogelio, kama Meya, akanichagua mimi nikae mlangoni na kuwauliza watu wakitoka. Alisema nina mwandiko mzuri na sina maneno mengi, na kwa kazi ile hizo zilikuwa sifa mbili. Sikulala vizuri usiku wa kuamkia siku hiyo. Nilifikiri watu watanipita bila kunijibu. Kumbe hofu yangu ilikuwa ya bure, kwa sababu Alcorillo hakuna aliyewahi kuulizwa maoni yake kwa amri ya serikali, na siku moja walipoulizwa walitaka kufidia miaka yote.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakaleta viti vya nyumbani. Hilaria, mke wa mchinja nyama, alileta kiti chenye mikono, mto wa kukalia, na mkate wenye kimanda cha viazi wa kutosha safari ya siku mbili. Sakafu yote ililia kwa maganda ya mbegu za alizeti. Kila mtu alikuwa amevaa kama anakwenda kwenye ubatizo, nadhani kwa sababu kila mtu alikuwa anakwenda kujitazama.

Filamu yenyewe inaitwa Anayenipenda Ajitokeze. Ni ya mapenzi na ya kuchekesha. Mshonaji wa Madrid aliyeachwa na mchumba wake anakuja mji mdogo kuuza nyumba aliyorithi kwa shangazi yake. Tarishi wa mji anampenda siku ya kwanza, lakini ni mwoga kupindukia. Akimpelekea barua hujificha nyuma ya mkoba wake mwenyewe. Mwishowe anamwendea mpiga mbiu na kumsihi amtangazie mapenzi yake barabarani bila kutaja jina. Hapo ndipo Baba anapoingia. Anapuliza lile tarumbeta lake dogo la shaba, anasimama kwenye kona ya bucha ya Hilaria, na kutangaza kwamba kwa amri ya Bwana Meya wananchi wote wanajulishwa kuwa yuko katika mji huu mwanamume anayempenda mshonaji na hathubutu kumwambia. Basi wanaume wote, wenye wake na wasio nao, wanaanza kushukiwa, na vituko vinafuatana mpaka harusi.

Wewe ulikuwa umeshaondoka walipokuja kupiga picha, Oktoba, wakati wa kuchambua zafarani. Walimtaka Baba kwa sababu hakuhitaji kufundishwa. Miaka yote ile mimi au aliyenitangulia tuliandika matangazo ofisini, na yeye akayabeba kona kwa kona: maji yatakatwa, muuza samaki amefika, fulani amepoteza mbuzi. Siku ile alipomaliza maneno ya kwenye karatasi yao akaongeza kwa mazoea, kama alivyoongeza kwenye kila tangazo maisha yake yote, "Na mbwa wafungwe." Mwongozaji alicheka mpaka akaketi barabarani. Akasema hayo yabaki. Baba alirudi nyumbani amevimba kichwa wiki nzima, akimwambia Mama kwamba sasa atasikika mpaka Barcelona. Februari akafa.

Tangu hapo Don Rogelio amefunga kipaza sauti juu ya paa la ofisi, na anayesoma matangazo ni mimi. Sikukuandikia hilo mapema kwa sababu halina sifa. Wale wazee wa kwenye benchi la uwanjani wanasema natangaza kama mtu anayeomba radhi.

Nirudi kwenye filamu. Watu hawakuitazama kimya. Ilipotokea kona ya bucha, Hilaria aliwaambia walio mbele na walio nyuma watazame ukuta wake ulivyo mchafu, na kwamba yeye aliwaambia wale watu wa sinema wangoje siku moja tu aupake chokaa, wakamjibu kwamba uchafu unapendeza. "Unapendeza kwao," alisema, "kwa sababu si jina lao lililo juu ya mlango." Kelele kubwa ilikuwa ya harusi. Bwana na bibi harusi wanatoka katika kanisa letu, na mara wakishuka ngazi wako katika uwanja wa Villahonda, mji wa jirani. Kabisa, Dada, wameunganisha kanisa letu na uwanja wao, na mnara wao ukaonekana wazi. Benchi zima la wazee likasimama. Mmoja akauliza kwa sauti huyu mtu ameoa wapi, maana kama ameingia kanisani Alcorillo akatokea Villahonda basi ndoa haihesabiki. Padre akawaomba wakae. Hawakukaa.

Mlangoni niliandika mpaka kidole kikafa ganzi. Padre Amancio alitoa maoni kwamba ni filamu safi, ila lile busu la mwisho lingeweza kuwa nusu yake na watu wangeelewa vilevile. Wasichana wa kiwanda cha jibini walisema mshonaji alikosea kumkubali tarishi. Mmoja wao akanitazama usoni akasema mwanamume asiyeweza kujisemea mwenyewe atamsemea nini mkewe mbele ya mama mkwe. Nililiandika hilo pia, kwa mwandiko mzuri. Mwenye baa alisema mvinyo waliokunywa kwenye filamu ulikuwa maji, anajua kwa jinsi ulivyomwagika. Wajane wawili walitaka kujua kama wale waigizaji wameoana kweli, na nilipowaambia sijui wakanihurumia kwamba nafanya kazi serikalini na sijui kitu.

Lakini, ukimtoa mmoja, hakuna aliyeondoka mlangoni pale bila kumtaja Baba.

Nataka ujue ilivyokuwa. Tarumbeta lilipolia ukumbi ulinyamaza, hata maganda yalinyamaza. Akatokea na kofia yake, na ile namna yake ya kusimama mguu mmoja mbele. Akafungua kinywa. Kuna wanawake waliofanya ishara ya msalaba. Kisha aliposema habari ya mbwa, watu walicheka na kulia kwa pamoja, wakapiga makofi hata maneno yaliyofuata hayakusikika. Walimgeukia Mama, waliokuwa karibu wakamshika bega, wakamwambia ndiye, Leocadia, ndiye mwenyewe, kama yuko hapa. Mama alikuwa ameinamisha kichwa akikitikisa tu. Mimi nilikuwa nyuma karibu na mlango, na nililia kama mtoto, nikifuta macho kwa karatasi za maoni.

Walipotoka kila mmoja alikuwa na lake la kusema juu ya Baba. Hilaria alisema hajasikia sauti ile tangu Februari na nywele zilimsimama. Wazee wa benchi walisema hiyo ndiyo kutangaza, wakanitazama. Mwenye baa alisema waigizaji wote wale wa Madrid wametupwa mbali na mtu aliyekuwa akilipwa na ofisi ya Meya. Don Rogelio mwenyewe, ambaye humjui kwa machozi, alinishika mkono huku macho yamemlowa. Mama alitoka mwisho. Don Rogelio alikuwa amenisisitiza nisikose maoni ya mjane, kwa ajili ya gazeti. Nikamuuliza kwa aibu, kwa kuwa watu walikuwa wanatutazama. Akafikiri, akasema niandike kwamba gauni la bibi harusi lilikuwa zuri. Kisha akaniomba nimpeleke nyumbani.

Nilidhani ni huzuni. Nikaandika gauni.

Sasa naingia kwenye lile la pili.

Kesho yake alikuja ofisini yule bwana wa kampuni, Bwana Quesada, kuchukua maoni. Si mtu mbaya. Aliniletea hata sigara, ingawa sivuti. Akakaa mezani kwa Don Rogelio, na mimi nikamsomea kurasa moja baada ya nyingine, naye akicheka habari ya mnara na habari ya busu. Nilipofika kwa Baba nilisoma polepole, Dada, kwa sababu nilikuwa na fahari, na mimi si mtu wa fahari nyingi. Akasikiliza mpaka mwisho, akafurahi sana. Akasema atampelekea habari hiyo Bwana Arranz, maana atajivuna mwezi mzima. Nikamuuliza Bwana Arranz ni nani. Akasema ndiye aliyetia sauti ya mpiga mbiu. Ametia pia ya padre na ya dereva wa teksi, zote asubuhi moja, ni hodari ajabu, mpe mdomo wowote ataujaza.

Sikumwelewa. Nilimwambia kwa adabu kwamba mpiga mbiu alikuwa baba yangu.

Alizima sigara yake hapo. Akaanza kunieleza, na alinieleza vizuri, kama mtu anayemweleza mtoto. Huku kwetu, alisema, filamu zote hufanywa hivyo. Uso hupigwa picha mahali penyewe na sauti hutiwa baadaye Madrid, chumbani, na watu wenye kazi hiyo, kwa kuwa barabarani kuna upepo, kuna trekta, kuna mbwa. Hata yule mshonaji hakusema kwa sauti yake. Sauti yake ni ya mama mmoja mnene mwenye wajukuu. Alidhani sote tunajua. Akasema tena kwamba alidhani tunajua.

Ulilijua hilo, Dada? Mimi nimesoma mpaka cheti cha juu cha sekondari, nimekwenda sinema kila Jumapili tangu komunyo yangu ya kwanza, na sikuwahi kujiuliza sauti inatoka wapi. Niliona mdomo unafunguka na maneno yanatoka, nikadhani ni vya mtu mmoja.

Don Rogelio, aliyekuwa dirishani akisikia yote, alingoja mgeni aende kunywa kahawa. Kisha akaniambia taratibu kwamba jambo lile libaki kati ya kuta zile. Watu wamefurahi, gazeti limeshapigiwa simu, mjane ameshikwa bega na mji mzima. Nani atafaidika nikisema? Nikamjibu ndiyo, Bwana Meya. Unajua kwamba mimi humjibu hivyo hata kabla hajamaliza.

Lakini Bwana Quesada, alipokuwa anaingia garini, nilimfuata. Sijui miguu ilinipelekaje. Nikamuuliza siku ile ya kupiga picha, kwa kuwa kulikuwa na kijana mwenye chombo cha kunasia sauti, nakumbuka alimsogezea Baba kile kipaza kwenye fimbo ndefu, sauti ile iliyonaswa ilikwenda wapi. Akasema ile hunaswa ili kumwongoza mtia sauti tu, ajue maneno. Iko Madrid, au ilikuwako. Akaniandikia namba ya simu.

Nilizunguka na namba ile mfukoni siku kadhaa. Simu ya Madrid iko ofisini kwa Don Rogelio peke yake, na hairuhusiwi kuguswa bila yeye. Nilikuwa nikiitazama kupitia mlangoni kama tarishi wa filamu. Hapo nikaanza kuwaza kwamba Baba yupo, yuko katika kabati fulani Madrid, maneno yale machache tu na mbwa, lakini ni yeye, na upepo wetu na trekta letu. Niliwaza nitamletea Mama. Niliwaza wewe Agosti. Siku Don Rogelio alipokwenda kwenye mazishi Villahonda niliingia, nikafunga mlango, nikapiga.

Alipokea mwanamke. Nilimweleza, nadhani kwa kuchanganya mambo, maana alinitaka nirudie jina la mji. Akaniambia ningoje. Nilisikia viatu vyake vikienda na vikirudi. Akasema kwamba kanda za siku zile zilifutwa filamu ilipokwisha kukatwa na kuungwa, zikatumika tena kwenye filamu nyingine, ndiyo desturi yao, kanda ni ghali. Akauliza nilikuwa naitakia nini. Nikamwambia. Akasema, "Pole, mwanangu. Laiti tungalijua." Hakuna zaidi ambalo angeweza kusema, na simkasirikii.

Niliporudisha simu mahali pake Don Rogelio alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake ya mazishi. Sikumsikia akifungua. Nilianza kusema nitalipia, nitaondoka, asimfukuze Mama kwenye nyumba tunayokaa, ambayo ni ya ofisi. Aliuliza tu, "Ipo?" Nikasema haipo. Akaketi kwenye kiti changu, si chake, akakaa na kofia magotini. Akasema kwamba kwa miaka yote aliyokuwa Meya aliamshwa na mtu yule akipaza chini ya dirisha lake kwamba kwa amri ya Bwana Meya hivi na vile, na mara nyingi alimtukana moyoni apunguze sauti. "Na juzi nilimlilia, Ciriaco," akasema. "Sasa nashindwa kujua nilimlilia nani." Tangu siku hiyo hajanitajia habari ya simu.

Mama sikumwambia. Niliona kwamba kama amefarijika, faraja ya uongo pia ni faraja, na mimi ni nani nimpokonye. Filamu ikarudiwa Jumapili iliyofuata kwa watu wa mashambani, naye akataka kwenda tena. Akajifunga kitambaa chake cheusi kichwani, akakaa palepale, mimi pembeni yake. Tarumbeta lilipolia nilimtazama yeye badala ya pazia la sinema. Akaingiza mikono yote miwili chini ya kitambaa, akaziba masikio. Macho yalikuwa wazi kabisa, yanatazama mdomo wa Baba. Na midomo yake yeye ilikuwa inacheza kidogo. Mdomo wa Baba ulipofunga, akashusha mikono, akaendelea kula mbegu zake.

Njiani nilimuuliza kama kichwa kinamuuma. Akasema hapana. Tulipofika kwenye chemchemi akasimama apumzishe goti, akaniambia bila kunigeukia kwamba yule mtu wa kwenye sinema anasema vizuri lakini hapumui. Baba yako, alisema, alikuwa akivuta pumzi kabla ya mbwa, kila mara, kama mtu anayeona aibu kukusumbua. Siku ya kwanza ya filamu Mama alidhani yeye mwenyewe ana wazimu. Neno la kwanza tu alijua si Baba, na watu wote wakamgeukia wakilia, wakimwambia ndiye, ndiye, na yeye akajiona peke yake katika ukumbi ule kuliko alivyokuwa makaburini. Hakuthubutu kusema. Alifikiri, mji mzima umesahau katika muda mfupi namna hii? Kisha akaamua kurudi na kuziba masikio. "Nikiyaziba anakuja," akasema. "Uso wanao wao, lakini sauti ninayo mimi, basi namtilia."

Akaanza kutembea. Halafu akasema kwa upole, kama mtu anayetaka kunipunguzia mzigo, kwamba anajua nami nililia kwa sababu hiyohiyo, kwa kuwa mtoto hawezi kudanganyika. "Wewe ulijua, siyo? Uliniachia tu nisiaibike." Nikasema ndiyo, Mama. Nilijua.

Hili ndilo lililonizuia kukuandikia, Visitación. Siyo filamu, siyo simu. Sikujua. Ningeapa kwa Mungu pale mlangoni kwamba ni yeye. Nilikaa naye meza moja mpaka siku aliyokufa, nilimpa matangazo kila asubuhi na akanisomea akiyajaribu dirishani, na alikuja mtu asiyemjua, mwenye mshahara wa asubuhi moja, akaniambia mimi ni baba yako, nikaitikia.

Na kuna baya kuliko hilo. Tangu nilipojua nimejaribu kila siku kumsikia. Nakaa ofisini kabla watu hawajaja, nafumba macho, namwita anichukulie tangazo. Anakuja na kofia, na mguu mmoja mbele, na kidevu chake alichojikata kwa wembe. Anafungua kinywa na anayesema ni Bwana Arranz. Nimejaribu kuziba masikio kama Mama. Ndani ya masikio yaliyozibwa pia ni yeye. Nilijaribu kumkumbuka akinigombeza, akiimba mvinyo ukimkolea, hata akikohoa ile wiki ya mwisho, na kila mahali huyo mtu amefika kabla yangu. Mama anayo yake na hawezi kunipa. Nilimwomba aniigizie, kwa kisingizio cha mzaha; akajaribu, akasema yake ni ya kike, haitoki.

Kwa hiyo Padre nimemwambia asiirudishe filamu, na nimemwambia ni wewe uliyebadili mawazo. Nisamehe kwa kukusemea. Ukija usiitazame, hapa wala huko, hata ikifika mjini kwako na wenzako wakikununulia tiketi. Wewe uliondoka ukiwa umemsikia yeye tu, na huko uliko hakuna aliyekuharibia. Katika mji huu wote, ukimtoa Mama, Baba anaongea kwa sauti ya Madrid.

Na kama unaweza, usingoje Agosti. Keti mahali pa kimya umsikilize Baba moyoni, kisha niandikie. Si alichosema, alichosema nakijua. Niandikie sauti yake ilikuwaje. Kama ilikuwa nzito au nyembamba, kama ilipanda mwisho wa sentensi, kama ilikwaruza asubuhi, kama aliita jina langu lote au alilikata katikati. Mimi nakumbuka kwamba nilikuwa nikiitika, lakini sijui nilikuwa naitika nini.

Mama anakusalimu. Hajui nimekuandikia hili, naye anataka tu nikwambie usafiri na nguo nzito hata kama ni kiangazi, kwa ajili ya kifua. Hilaria anakusalimu, na majirani wa kushoto na wa kulia. Jitunze huko, ule, na Mungu akulinde mpaka tuonane mlangoni.

Mimi mdogo wako,

Ciriaco